Kugawa majina sawasawa kwenye kolamu za jedwali

Juzi shemeji kaniletea orodha ya wachangiaji wa harusi, majina 21, niichape kwa kolamu nne. Haraka haraka nikagawa 21 kwa 4, nikakadiria juu kuwa 6, nikajaza. Zikatoka 6, 6, 6, halafu 3. Na majina yangekuwa 9, ingekuwa 3, 3, 3 na kolamu ya mwisho tupu kabisa!

Dawa ni lile baki. 21 kwa 4 ni 5, baki 1. Kila kolamu ipewe 5, kisha baki ligawiwe moja moja kuanzia kushoto: 6, 5, 5, 5. Kwa Python, lugha ya kuandikia programu (`divmod` hutoa jibu la kugawa pamoja na baki):

```
kila, baki = divmod(len(majina), 4)
kolamu, mwanzo = [], 0
for i in range(4):
    mwisho = mwanzo + kila + (i < baki)
    kolamu.append(majina[mwanzo:mwisho])
    mwanzo = mwisho
```

Hapo `i < baki` ikiwa kweli huhesabiwa 1, vinginevyo 0. Mstari wa mwisho usiusahau. Mimi niliuruka, kolamu zote nne zikaanza na jina la mjomba.

Ukihamishia kwenye HTML (lugha ya kurasa za wavuti), jedwali huandikwa mstari kwa mstari, kwa hiyo kolamu fupi iwekee seli tupu.