Kuchagua baibui la kila siku kwa joto la Pwani

Dada zangu, mawe na nakshi baadaye, kitambaa kwanza. Ukifika Kariakoo, Darajani au Biashara Street Mombasa muuzaji atakuanzia na urembo, we muombe ulitoe nje ulione juani, ingiza mkono ndani, ukiviona vidole vyako ujue na miguu itaonekana ukipita mchana, dukani kwenye mataa hilo huligundui. Kama ni jepesi na umelipenda sio lazima uliache, vaa gagulo au shimizi ndani, ila iwe ya pamba kweli maana nailoni na jasho la kaskazi vinaligandisha baibui mwilini, na likishaganda stara hakuna hata liwe refu vipi.

Kitambaa cha nida wengi tunakipenda coz kinaanguka vizuri na hakijikunji ovyo, lakini ni poliesta ile, pasi ya moto sana inakiunguza, so moto mdogo na uligeuze ndani nje.

Halafu mikono. Inyanyue kama umeshika bomba la daladala, ikishuka mpaka kwenye kiwiko itabidi uvae blauzi ya mikono mirefu ndani. Na ile ya kubana jaribu kuipandisha kupita kiwiko palepale dukani, maana uko kazini adhuhuri imeingia unataka kutia udhu mkono haupandi, utafanyaje? Mi nachukua yenye kifungo au zipu.

Urefu pima na viatu unavyovaa siku zote. Mnaopanda bodaboda nawaomba sana hili msilipuuze, kabla dereva hajaondoa pikipiki kusanya pindo zote uzikalie, ncha za mtandio zichomeke ndani, kitambaa kikinaswa na cheni au spoku kinakuvuta chini mzima mzima.

Mtandio wa shifoni unateleza, vaa kikofia ndani, wa kitambaa cha jezi unakaa wenyewe hata bila pini. Na pini jamani msizibane kwa meno mkiwa mnajifunga, ukicheka au ukikohoa inaingia kwenye njia ya hewa, kuna wanawake wametolewa pini mapafuni hospitali, zile za sumaku ni salama zaidi, ila nazo zisikae mdomoni na watoto wasizifikie.

Kufua: jipya lifue peke yake, maji baridi, ndani nje, jiki usiiguse, anika kivulini.