Kupunguza uniti za mashine ya induksheni karakanani

Mashine ya induksheni hutia chuma moto kwa sumaku ya umeme, bila makaa. Kibandiko chake cha "15 kW" kinataja uwezo wa mashine, hakitaji matumizi. Pima kwanza, ndipo urekebishe. Hesabu zifuatazo ni za karakana ya Unguja inayofua komeo za milango kwa chuma cha duara cha milimita 16, kinachotiwa moto urefu wa milimita 150 hadi nyuzi 1150.

1. Jua kiasi cha lazima. Kilo moja ya chuma kufika nyuzi 1150 inataka takriban uniti 0.21. Kipande chetu kina gramu 237 hivi, basi ni uniti 0.05. Chini ya hapo haiwezekani. Anayekwambia vyengine anauza mashine.

2. Soma mita. Zima feni, taa na mashine ya kuchomelea; ibaki induksheni na pampu yake ya maji. Andika salio la Tukuza (mita ya kulipia kabla), tia moto vipande 20 mfululizo, kisha toa salio jipya katika la mwanzo. Vipande 20 vinahitaji uniti 1; basi zikienda uniti 1.7, asilimia 60 imeingia kwenye chuma, na hiyo si mbaya. Zikienda 2.5, ni asilimia 40 tu, na mara nyingi mkosa ni koili, yaani paipu ya shaba iliyozungushwa, inayokizunguka chuma na kupozwa kwa maji yanayopita ndani yake.

3. Kaza koili. Mafundi wengi wana koili moja ya upana wa milimita 50 na wanaitumia kwa kila kitu. Pengo likiwa kubwa, sumaku haikishiki chuma sawasawa, mashine inasukuma mkondo zaidi, na mkondo ukiwa mara mbili hasara ndani ya shaba inakuwa mara nne. Kwa chuma cha 16, zungushia paipu ya shaba kwenye bomba la milimita 24, upate pengo la milimita 4 kila upande. Mizunguko isigusane.

Hasara hiyo unaweza kuipima kwenye maji ya koili. Kinga kwa ndoo ujue lita kwa dakika, zidisha kwa nyuzi zilizopanda, kisha kwa 0.07. Lita 8 zikiingia na nyuzi 30 na kutoka na 39 ni kilowati 5. Kama mashine inavuta 10, nusu ya umeme wako unapasha moto tangi.

4. Angalia masafa, yaani mara ngapi mkondo unageuka kwa sekunde (kilohezi 1 ni mara elfu moja). Chuma kikipita nyuzi 770 hivi kinapoteza usumaku, na mkondo unazama ndani: kama milimita 5.5 kwa kilohezi 10, milimita 3 kwa kilohezi 30. Kwa unene wa 16 chagua 30. Masafa yakiwa ya chini mno, mikondo ya pande mbili inauana katikati na chuma kinakwama kwenye wekundu.

5. Chuma kisisubiri. Kipande hiki kikiwa na nyuzi 1150 kinamwaga hewani kama kilowati 1.4. Nyundo na fuawe viwe tayari kabla hujakanyaga pedali. Kupunguza nguvu ili "kubana umeme" ni kujidanganya, kwani kipande kinakaa muda mrefu zaidi kikipoteza joto na kuota magamba. (Chuma kinene ni habari nyengine, hicho kipe muda moyo wake upate moto.)

6. Maji. Maji ya visima vyetu yanapita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa. Ukoko ukijaa ndani ya paipu, maji yanapungua na koili inatoboka. Tumia maji ya mvua, ila ya mwanzo yaache yaoshe chumvi na vumbi la bati. Na usitie barafu: wakati wa masika maji yakishuka chini ya nyuzi 25 hivi, transista (swichi za umeme ndani ya mashine) zinatoa jasho, zinapiga shoti. Nyuzi 28 hadi 35 zinatosha.

Kwa misumari ya shaba ya milango usitumie kipimo cha asilimia 60. Shaba hiyo, iliyochanganywa na zinki, hupitisha umeme kwa urahisi kuliko chuma, hivyo asilimia inayoingia huwa ndogo zaidi hata koili ikiwa sawa.