Siku Mbili za Juisi Mombasa: Kufunga kwa Ajili ya Utulivu wa Akili na Nidhamu

Kabla ya kununua hata tunda moja, ni vyema kuelewa unachokitarajia. Kazi ya kuondoa taka mwilini hufanywa na ini na figo usiku na mchana, mtu ale asile, na hakuna juisi inayoweza kuifanya kazi hiyo badala yao. Anayeuza chupa za «kutoa sumu» anauza maneno. Kinachopatikana katika siku mbili za juisi ni kingine: tumbo jepesi, saa kadhaa ambazo kwa kawaida humalizwa jikoni, na fursa ya kujitazama unapokataa kitu ambacho mkono umezoea kukichukua bila kuuliza. Huo ndio utulivu tunaoutafuta, na siku mbili zinautosha. Anayetaka kuongeza asipite siku ya tatu, kwa sababu juisi haina protini ya kutosha wala mafuta.

Wako wasiopaswa kujaribu kabisa bila ruhusa ya daktari: wagonjwa wa kisukari, hasa wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, wenye maradhi ya figo, wajawazito na wanaonyonyesha, vijana walio chini ya miaka 18, na yeyote ambaye kula kumewahi kuwa vita kwake. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asijimwagie juisi ya mchicha, kwa kuwa vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Mwenye vidonda vya tumbo naye atateswa na ndimu na ukwaju. Neno moja zaidi kwa wenye mbirimbi uani: juisi nzito ya birimbi ina oksaleti nyingi, kemikali inayoweza kuganda kwenye figo, na imewahi kuharibu figo za watu waliokuwa na afya zao, basi iachwe kwenye achari na mchuzi wa samaki.

Chagua siku mbili zisizo na harusi, safari wala kazi ya sulubu, na ikiwezekana ungoje miezi ya kusi, kati ya Juni na Agosti, ambapo joto limepungua. Wakati wa kaskazi embe huwa tele na hushawishi, lakini jasho nalo huwa jingi, na mwili unaotoka jasho bila kuingiza chumvi huchoka upesi. Jambo linalowaangusha wengi si njaa bali ni kahawa. Aliyezoea kahawa au chai ya rangi akikata ghafla, kichwa huanza kumgonga kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, na maumivu hukolea siku ya pili, kisha yeye huilaumu juisi. Punguza kidogo kidogo kwa wiki nzima kabla ya kuanza, na siku ya kuamkia mfungo kula chakula chepesi, kama mbaazi na wali kidogo, badala ya kujishindilia kwa kisingizio cha kuaga.

Soko la Kongowea ndiko bidhaa ziliko kwa wingi, ingawa kwa siku mbili soko la Marikiti linatosha. Mboga ziwe sehemu mbili na tunda sehemu moja, kwa sababu glasi ya mililita 250 ya juisi tupu ya machungwa ina zaidi ya gramu 20 za sukari, na sukari ya namna hiyo isiyo na nyuzinyuzi hupandisha mtu kisha ikamwangusha akiwa na usingizi na hasira. Mchanganyiko ninaoupendelea ni matango mawili, karoti tatu, kipande cha nanasi kinachojaa kiganja, tangawizi ya ukubwa wa pingili ya kidole gumba, nusu ya ndimu na majani ya mnanaa, yote yakasagwa kwenye blenda pamoja na kikombe cha maji. Usichuje kwa kitambaa. Tumia chujio lenye matundu makubwa ili nyuzinyuzi kiasi zibaki. Kwa ukwaju, roweka kwenye maji ya uvuguvugu, vuruga kwa mkono mpaka nyama iachane na kokwa, chuja, zimua, na badala ya sukari tia chembe za chumvi. Bitiruti pia inafaa, ila usishtuke ukiona mkojo umegeuka mwekundu.

Usafi haujadiliwi, kwani juisi haipiti motoni. Maji ya kuoshea na ya kuzimulia yachemshwe yakapoe, na maji ya kisima yenye chumvi hayafai kuzimulia kwa sababu kuchemsha hakuondoi chumvi. Barafu ya barabarani iepuke. Tengeneza juisi ya siku hiyo tu, iweke kwenye friji, na stima ikipotea kwa muda mrefu, mwaga.

Siku yenyewe ianze kwa maji ya uvuguvugu saa kumi na mbili asubuhi, kisha glasi ya kwanza saa mbili, na nyingine kila baada ya saa mbili hivi mpaka zitimie sita za mililita 300. Maji matupu yanywe kati yake unapohisi kiu, alasiri unywe dafu moja, na jioni bakuli la supu ya mboga iliyochujwa na kutiwa chumvi. Jumla yake haifiki kalori 1,000, kwa hiyo tembea ufukweni Mama Ngina ukipenda, lakini usikimbie, na usiendeshe gari masafa marefu.

Sasa nidhamu. Weka daftari karibu, na kila tamaa ikikujia andika saa na kilichoiamsha, kisha ngoja dakika 20 kabla ya kuamua lolote. Utagundua kwamba saa kumi jioni, harufu ya viazi karai inapovuka ukuta wa jirani, au muuza kahawa anapogonganisha vikombe vyake chini ya dirisha, unachokitamani mara nyingi ni mazungumzo ya barazani kuliko chakula. Simu nayo ipunguzwe, maana anayetazama picha za biriani siku nzima anajitesa bure.

Ukihisi kizunguzungu kisichoisha, moyo kwenda mbio, kutapika au akili kuchanganyikiwa, vunja mfungo papo hapo na utafute matibabu. Kumaliza siku ya pili hakuna thawabu inayozidi uzima wako.

Unapofungua, anza na uji mwepesi au papai bivu, mchana wali mweupe na samaki wa kuchemsha, na vya kukaanga vingoje siku inayofuata. Kahawa ya kwanza inywe baada ya kula, kikombe kimoja kidogo. Kisha soma daftari lako, uchague tamaa moja tu iliyojirudia zaidi, pengine ile chai ya tatu yenye vijiko vinne vya sukari, na uiache kwa mwezi mzima kabla ya kufikiria kufunga tena.