Saa janja kwa mtu mzima mwenye ulemavu wa akili: namna ya kujua amefadhaika

Asiyeweza kusema "naumwa" au "naogopa" husema kwa mwili. Taa za kijani mgongoni mwa saa janja husoma mapigo ya moyo, na baadhi ya saa hupima pia jasho la ngozi. Sababu haziijui, hiyo kazi ni yako, mlezi.

Hatua ya 1: Ridhaa. Ni mtu mzima huyo. Mpe saa aishike, aivae kidogo, aivue akitaka. Akiivua kila mara, ameshakujibu. Taarifa zake zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo usizirushe kwenye grupu la WhatsApp la ukoo.

Hatua ya 2: Kuifunga. Ikae juu kidogo ya kifundo cha mkono, isibane wala isicheze. Ikilegea, namba zinadanganya.

Hatua ya 3: Daftari kwanza, kengele baadaye. Hapa ndipo wengi wanaruka. Kwa wiki mbili andika tu: saa ngapi, mapigo mangapi, alikuwa akifanya nini. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika, lakini unachotafuta ni kiwango chake yeye. Na Mwanza yetu hii ina mitego. Anayeishi juu kwenye mawe ya Mabatini akipanda kwenda kwao, moyo utadunda hata kama anacheka. Anayegeuza dagaa juani Mwaloni Kirumba atatoa jasho bila hofu yoyote. Kwa hiyo linganisha akiwa ameketi kivulini.

Mstari mzuri unakuwa hivi: "Saa 10 jioni, ameketi, 112, anavuta sikio la kushoto, kakataa uji." Ukijirudia na sikio ni lilelile, apelekwe akaangaliwe masikio na meno. Usikimbilie kusema "ndiyo tabia yake".

Hatua ya 4: Kengele. Itegeshe juu ya kiwango chake cha kawaida, ilie kwenye simu ya mtu aliye naye karibu, siyo ya shangazi aliyeko Dar. Saa ichajiwe anapooga.

Hatua ya 5: Ikilia. Usimvamie kwa maswali. Zima redio, watoe watu, kaa pembeni yake, tazama mkono wake unashika wapi.

Kama anatumia propranololi, dawa hiyo hushusha mapigo: anaweza kuwa na hofu kubwa saa ikakaa kimya. Kwake, amini daftari zaidi.