Mchungaji, umehamishiwa Mtwara? Anzia hapa

Kama umepangiwa makanisa huku kusini usianze na mabadiliko, anza kusikiliza. Tembelea kila kanisa, hata yale ya nyasi huko ndani Tandahimba na Newala, kaa na wazee, uliza nani alianzisha, kiwanja kina hati au hakina, madeni yapo wapi, andika yote kwenye daftari maana makabidhiano ya ofisini mara nyingi yanaacha mengi.

Afu kalenda ya huku inafuata korosho. Msimu ukianza, kama Oktoba hivi, watu wako mashambani na minadani, ibada za katikati ya wiki zinapwaya, usiwagombeze. Sadaka inapanda hela za korosho kutoka AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) zikiingia, baadae mifuko inakauka, kwa hiyo harambee ya bati ipange mapema, kuwabana watu kipindi cha njaa sio uchungaji kabisa.

Pwani majirani wengi ni Waislamu, wiki ya kwanza nenda kamsalimie shehe na mwenyekiti wa kijiji, na msiba ukitokea nenda hata kama marehemu sio muumini wako, jamani hili msilichukulie poa.

Uhamisho wa watoto shule ushughulikie kabla hujafunga mizigo.