Namna ya kuchagua, kufunga na kutunza matairi ya spoti ya kiangazi

Nilipopata gari langu la kwanza lenye injini ya nguvu, Subaru Impreza lililotoka Japani na kuteremshwa bandarini Dar es Salaam, nilijivunia matairi yake kwa sababu meno yalikuwa marefu na karibu mapya. Hata hivyo kila nilipokata kona mchana wa jua kali nilihisi gari likichelewa kuitika, kana kwamba limesimama juu ya godoro, na nilipokanyaga breki kwa ghafla lilisogea mbele kuliko nilivyotarajia. Fundi mmoja wa matairi aliinama, akapitisha kidole ubavuni na kunionyesha neno STUDLESS. Yalikuwa matairi ya barafu, yenye mpira laini na meno yaliyochanjwa mikato mingi myembamba ili yaume theluji. Kwenye lami yenye joto meno hayo yalikuwa yakilala upande, na kingo zake zilikuwa zimeanza kumeguka kama mkate mkavu.

Baadhi ya magari yanayoletwa kwetu kutoka Japani hufika yakiwa na matairi ya namna hiyo, kwa hiyo hatua ya kwanza kwa kila mwenye gari ni kusoma ubavu wa tairi alilonalo kabla hajafikiria kununua jingine. Ukikuta neno hilo, au alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, tambua kwamba tairi hilo limetengenezwa kwa ajili ya baridi.

Matairi ninayoyazungumzia hapa ni kinyume chake. Ni matairi ya kiangazi yaliyoundwa kwa ajili ya magari yenye kasi na breki kali, mfano Michelin Pilot Sport, Continental SportContact, Bridgestone Potenza, Goodyear Eagle F1, Pirelli P Zero na Yokohama Advan. Mpira wake hubaki imara lami inapochemka, lakini joto la hewa likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi huanza kukakamaa na kupoteza mshiko. Ndiyo maana dereva wa Ujerumani huyavua majira ya baridi yanapokaribia, na tangu Oktoba 2024 sheria ya huko inamtaka awe na matairi yenye ile alama ya mlima anapoendesha kwenye theluji au barafu. Sisi wa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat tunaweza kuyatumia mwaka mzima. Anayeishi Makete, kwenye nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, au kupita karibu na Kitulo alfajiri ya Juni na Julai, wakati majani yanapokuwa na umande ulioganda, aendeshe taratibu hadi matairi yapate joto, lakini hana haja ya kununua ya barafu.

Madereva wengi hununua matairi haya kwa kufikiria mwendo. Kwa miaka niliyoyatumia nimeamini kwamba faida yake kubwa huonekana kwenye breki siku ya mvua. Mpira wake huchanganywa na silika, unga wa madini unaousaidia kushika lami iliyolowa, na mifereji mipana inayozunguka tairi zima husukuma maji nje kabla tairi halijaanza kuelea. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kila sekunde. Masika moja, kati ya Chalinze na Morogoro, lori lililokuwa mbele yangu lilisimama ghafla kwa ajili ya ng'ombe waliokuwa wakivuka. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, na matone ya mwanzo huchanganyika na vumbi na mafuta ya barabarani na kufanya utelezi mbaya kuliko ule wa mvua kubwa iliyokwisha kuiosha lami. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, nikasikia pedali ikitetemeka chini ya mguu, na gari likasimama likiwa limenyooka, nafasi ya kupita mtu mmoja ikibaki kati yangu na bodi ya lori. Tangu siku hiyo sijawahi kuona matairi kama mapambo.

Udhaifu wake uko ubavuni. Matairi ya spoti mara nyingi ni ya ubavu mfupi, na ubavu mfupi hauna pa kujikunja gari linapoangukia shimo. Kwenye kipande kimoja cha lami iliyokatwa kwa ajili ya bomba la maji nilipiga ukingo kwa tairi la mbele kushoto nikiwa na mwendo wa kilomita 60 tu. Tairi halikupasuka, upepo haukutoka, nami nikaendelea na safari nikimshukuru Mungu. Baada ya siku mbili, nilipokuwa nikiliosha gari, mkono wangu ulipita juu ya uvimbe ubavuni wenye ukubwa wa nusu ya limau. Uvimbe huo maana yake ni kwamba nyuzi za ndani zimekatika na kilichobaki kuzuia upepo ni mpira mtupu. Hautibiki kwa namna yoyote. Tairi la namna hiyo hutolewa garini siku hiyo hiyo, na halifai hata kuwa spea.

Kwa sababu hiyo chagua ukubwa wa tairi kwa kufuata barabara unayopita kila siku. Chukua mfano wa 225/45 R17: upana wa milimita 225, ubavu wenye urefu wa asilimia 45 ya upana huo, yaani kama milimita 101, na rimu ya inchi 17. Ukishuka kwenye rimu ya inchi 16 na kufunga 205/55 R16, ubavu unakuwa karibu milimita 113, ilhali kipenyo cha gurudumu zima kinatofautiana kwa chini ya milimita 3, hivyo kipimo cha mwendo hakidanganyi. Unapoteza ukali kidogo kwenye kona, lakini unapata zaidi ya sentimita moja ya mpira na upepo kati ya rimu na shimo. Kwa mtu anayekaa mtaa wenye matuta na mashimo, ningemshauri bila kusita achukue hiyo ya inchi 16, mradi afuate ukubwa ulioruhusiwa na mtengenezaji wa gari lake na ahakikishe kwanza kwamba rimu ndogo haigusi kalipa ya breki, yaani kile kibano kinachokamata diski. Anayeishi juu ya barabara ya changarawe, na lami yake ni ya kwenda mjini Jumamosi, asinunue matairi ya spoti kabisa, kwani kokoto huuchana mpira wake na fedha yake itaishia njiani.

Baada ya ukubwa, soma namba na herufi zinazofuata. Katika 94Y, namba 94 ina maana kwamba tairi moja linaweza kubeba kilo 670, na Y kwamba limeundwa kuhimili kilomita 300 kwa saa. W ni 270, V ni 240 na H ni 210. Hata V ni zaidi ya mara mbili ya kilomita 110 zinazoruhusiwa kwa gari dogo nchini Kenya, lakini herufi hiyo pia hueleza uwezo wa tairi kustahimili joto linalozaliwa ndani yake, na joto ndilo adui mkubwa wa tairi katika nchi zetu. Usishuke chini ya kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Matairi mengi huwa pia na neno TREADWEAR na namba mbele yake. Ya spoti huwa karibu na 300 au chini ya hapo, wakati ya safari za kawaida hufika 500 na kupita. Namba hiyo hukusaidia kukadiria ni lipi litakwisha upesi, ingawa kila mtengenezaji hujipimia mwenyewe, kwa hiyo isitumike kushindanisha kampuni mbili kwa ukali. Tairi lililoandaliwa kwa soko la Ulaya huwa na karatasi yenye picha ya wingu la mvua na herufi kuanzia A hadi E, ambapo A ndiyo breki bora zaidi kwenye lami iliyolowa. Mimi huitazama herufi hiyo kabla ya bei.

Kisha tafuta tarehe. Baada ya herufi DOT kuna mfululizo wa alama unaoishia na tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo huwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo muuzaji akikuonyesha upande usiokuwa nazo, mwombe aligeuze. Watengenezaji wakubwa hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi na liondolewe likifikisha miaka kumi hata kama meno bado yapo. Kwa jua letu mimi sinunui tairi jipya lililokaa dukani zaidi ya miaka miwili, na sivuki miaka sita ya kulitumia. Matairi ya mtumba ya aina hii siyapendekezi, kwa sababu nyuzi zilizokatika ndani hazionekani kwa macho, nawe hujui yaliangukia mashimo gani kabla ya kukufikia.

Siku ya kufunga, simama karibu na fundi. Tairi lenye neno ROTATION na mshale lazima lizunguke kuelekea mshale unakoonyesha, na lenye neno OUTSIDE lazima neno hilo lionekane kwa nje, kwani meno makubwa ya upande huo ndiyo yanayobeba gari kwenye kona. Nimewahi kukabidhiwa gari langu likiwa na tairi moja lililogeuzwa, na fundi alikuwa amekwisha kubalansi na kukaza nati zote, ikabidi tulifungue upya. Dai valvu mpya kwa kila gurudumu, na ukishatembea kilomita 50 hadi 100 rudi nati zikaguliwe. Tairi jipya lina utelezi wa kiwandani juu ya mpira wake, hivyo kilomita 200 hadi 300 za mwanzo ziwe za upole.

Wenye fedha ya matairi mawili tu huwa na desturi ya kuweka mapya mbele. Kwa gari la kawaida yanafaa kukaa nyuma, kwa sababu nyuma ikiteleza kwenye maji gari huzunguka na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha, wakati mbele ikiteleza gari huendelea kunyooka na kupunguza mwendo humsaidia. Kwa gari linalovuta magurudumu yote kama Subaru, nunua yote manne. Mzingo wa magurudumu haupaswi kutofautiana kwa zaidi ya milimita 6 hivi, ambayo ni sawa na tofauti ya milimita 1 tu ya kina cha meno. Zaidi ya hapo difu ya katikati, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, hufanya kazi bila kupumzika hadi iungue.

Sasa upepo, jambo ambalo ningetamani kila dereva alichukulie kwa uzito uleule anaoupa mafuta ya injini. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo nguzo ya mlango wa dereva. Ile namba kubwa ya ubavuni mwa tairi ni ukomo wa tairi lenyewe. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, au likiwa limepumzika kwa muda wa saa tatu. Presha hupanda kwa takriban psi 1 (psi ni kipimo cha presha ya upepo) kwa kila nyuzi 6 za joto, hivyo tairi ulilolijaza psi 33 alfajiri linaweza kusoma 37 baada ya safari ya mchana. Usilipunguze, kwa sababu likipoa litakuwa na upungufu, na tairi lenye upungufu wa upepo hujikunja ubavuni kila linapozunguka, likajipasha joto hadi kupasuka. Vipimo vya vituo vya mafuta hupigwa chini mara nyingi na kupoteza usahihi. Nunua chako, ukiweke ndani ya gari, na pima kila wiki mbili na kabla ya kila safari ndefu.

Kila kilomita 8,000 hadi 10,000 badilisha nafasi za matairi kwa kufuata mwelekeo wake, na fanya alainimenti, yaani kunyoosha mkao wa magurudumu, kila baada ya kupiga shimo kubwa au kubadilisha bushi na tairodi (vipuri vinavyoshikilia na kuelekeza magurudumu). Magari yaliyopunguzwa kimo huwa na hatari ya pekee: ukingo wa ndani wa tairi huliwa mahali ambapo jicho halifiki. Kata usukani hadi mwisho, ingiza mkono na upapase. Rafiki yangu alifanya hivyo akachomwa na ncha ya waya wa ndani ya tairi, wakati kwa nje tairi lilikuwa na nusu nzima ya meno yake.

Pancha ya katikati ya meno isiyozidi milimita 6 huzibwa kwa kiraka cha ndani, baada ya tairi kuvuliwa. Kamba ya mpira inayochomekwa kutoka nje ikufikishe kwa fundi tu. Tundu la ubavuni halizibwi, na kuweka tyubu ndani ya tairi lisilohitaji tyubu ili kuficha tundu hilo ni kujitafutia joto na kupasuka. Alama ndogo za mpira zilizo ndani ya mifereji ziko kwenye milimita 1.6, ambayo ndiyo ukomo wa kisheria Ulaya. Usizisubiri: tairi jipya huanza na milimita 7 au 8, na likifika 3 halimudu tena kutoa maji ya masika, kwa hiyo panga kununua mengine kabla ya Machi.

Fungua pia buti uangalie spea. Magari mengi ya aina hii hubeba gurudumu dogo jembamba la dharura, linalotakiwa kujazwa psi 60 na kutovuka kilomita 80 kwa saa. Langu, nilipolipima kwa mara ya kwanza, lilikuwa na psi 14.