Kupima transponda hangani bila kumshtua rubani aliye angani

Kijana mpya akiletwa kwangu kujifunza kazi ya transponda, redio ya ndege inayojibu maswali na kutaja urefu wake, namtoa kwanza nje ya hanga, banda la kutengenezea ndege, nimwonyeshe ndege zinavyokata kona kuja kutua. Namwambia: ukikosea humu ndani, yule pale juu atakuona wewe ni ndege inayomjia.

TCAS, mfumo wa kuzuia ndege zisigongane, hauna macho. Unauliza kwa masafa ya megahezi 1030, transponda ya ndege jirani inajibu kwa 1090 na kutaja urefu wake. Sasa sisi tukipima mirija ya hewa, ambayo ndege hujulia urefu wake, mashine yetu inanyonya hewa hadi ndege iliyo juu ya jeki inaamini iko futi 3,000, na transponda inatangaza hivyohivyo. Rubani anayepita anaamriwa na TCAS yake apande au ashuke, na anatakiwa kutii ndani ya sekunde tano hata kama mwongozaji wa ndege aliye ardhini amemwambia vingine. Wenzetu wanajua sababu: Überlingen, Ujerumani, 1 Julai 2002. TCAS ilisema panda, mwongozaji akasema shuka, rubani akashuka. Ndege mbili ziligongana, wakafa watu 71.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa swichi, piga simu mnarani, kwa waongozaji wa ndege, wewe mwenyewe. Taja saa ya kuanza na ya kumaliza, futi utakazopitia, na namba ya transponda utakayoweka. Ulaya wametenga 7776 kwa kazi hii. Kwingineko kubalianeni na mnara.

Halafu funika antena zote ili mawimbi yasitoke, na hapa naomba uwe makini kuliko popote. Antena ya transponda ni kama pezi dogo la samaki, halizidi kiganja. Moja iko tumboni, utaiona ukiinama. Ndege nyingi kubwa zina nyingine mgongoni, na hiyo huioni mpaka upande ngazi. Miaka ya nyuma nilifunika ya tumboni, nikaingia kazini. Nilikuwa kwenye futi 2,500 simu ya hanga ilipolia. Mnara. Kuna rubani alikuwa ameacha kutua, amepanda ghafla na abiria wake, akikwepa ndege ambayo hakuna mtu aliyeiona. Ndege hiyo ilikuwa yangu, imesimama kwenye jeki. Mpaka leo ngazi ndiyo kifaa cha kwanza ninachovuta.

Hanga la bati husaidia kupunguza mawimbi, lakini usilitegemee. Kwa joto letu milango iko wazi kutwa nzima.

Ndege ikiwa juu ya jeki, swichi za miguu ya magurudumu nazo zinaamini imeruka. Iache transponda iseme iko ardhini, ila pale tu kipimo chenyewe kinapodai iseme iko hewani. Katikati ya vipimo, stendibai, yaani iwake bila kujibu. Chai ikiletwa, stendibai. Na ukumbuke transponda ya pili, maana mara nyingi tunaizima moja na kuisahau nyingine.

Usidhani haya ni makosa ya hangani peke yake. Tarehe 1 Machi 2025, marubani kadhaa wakikaribia kutua Reagan National, Washington, walipata maonyo ya ndege zisizokuwepo. Seneta Ted Cruz alisema baadaye mwezi huo kwamba yalitokana na majaribio ya vifaa vya kupambana na droni, vilivyotumia masafa yanayokaribiana na ya TCAS. Ni uwanja uleule ambao karibu yake, 29 Januari, watu 67 walikufa ndege ilipogongana na helikopta. Nawafikiria marubani wale, walivyosikia sauti ile mwezi mmoja tu baadaye.

Ukimaliza, rudisha hewa taratibu hadi urefu wa uwanja, zima transponda zote mbili, kisha ndiyo utoe vifuniko. Piga tena mnarani useme umemaliza. Kwenye karatasi ya kazi mimi huandika kwa mkono: vifuniko viwili vimewekwa, viwili vimetolewa.